Askofu wangu alikwama g6: miezi kumi na Caro-Kann

Wiki iliyopita kijana wa kibanda cha tatu kutoka changu alikuja na simu mkononi, akanionyesha kozi ya video ya ufunguzi wa sataranji, yaani hatua za mwanzo za mchezo. Bei dola 39. Ameshapiga hesabu, anasema akibana wiki mbili ataimudu. Akaniuliza, "Kaka, hii itanisaidia niache kufungwa?" Nilimwambia asubiri kwanza. Jibu ninalo, ila ni refu, na nimelipata kwa laki moja ya kozi kama hiyohiyo, mashindano mawili yaliyoniuma, na karibu miezi kumi ya kuulaumu ufunguzi usio na kosa. Nimeona niliandike lote.

Mimi ni fundi simu Kariakoo. Nimekulia kwenye drafti, ile ya ubao wa kuchora na vizibo vya soda. Sataranji nilijifunza ukubwani, kwenye simu, nikisubiri gundi ya kioo ikauke au mteja arudi na hela. Drafti ilinipa jicho la kuona kete inayoliwa hatua tatu mbele. Haikunipa subira ya kujenga, na kwenye sataranji hilo lilinigharimu mapema.

Nikiwa na nyeusi, mtu akianza e4 nilimjibu e5 kama wengi wanavyofanya. (Herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari; mraba ukitajwa bila jina la kete, anayekwenda hapo ni kitunda, ile kete ndogo ya mbele.) Wakaja na askofu c4 na farasi g5, wote wawili wanaikodolea f7, mraba wa jirani na mfalme wangu, na kabla sijapumua mfalme wangu yuko katikati ya uwanja. Nilipigwa kwa njia hiyo moja mara nyingi hadi nikawa naogopa kushika nyeusi. Ndipo nikaona video inayoisifia Caro-Kann, ufunguzi mwingine wa nyeusi dhidi ya e4: ngumu kuvunjika, haina mengi ya kukariri, na mabingwa wa dunia wameitumia. Yote matatu yana ukweli ndani yake. La pili ndilo lililoniponza, kwa sababu mimi nilisikia kwamba huhitaji kuielewa.

Kwa asiyeijua, mambo yanakwenda hivi. Nyeupe e4, nyeusi c6. Ni kitunda kimoja kinasogea mraba mmoja, ukikiangalia ni kinyonge, lakini kazi yake ni kuiegemeza d5 inayofuata. Nyeupe d4, nyeusi d5. Jina linatokana na wachezaji wawili wa karne ya 19, Horatio Caro na Marcus Kann, waliochapisha uchambuzi wao mwaka 1886. Sasa kitunda cha nyeupe pale e4 kinatishwa, lazima aamue. Anaweza kula d5, anaweza kukilinda kwa farasi, au anakisukuma e5. Huko kusukuma ndiko kunakoitwa tawi la kusonga mbele, na ndilo ninalolizungumzia hapa, kwa sababu kwa watu wa kiwango changu nimekutana nalo kuliko mengine yote. Mtu ambaye hajasoma chochote mkono wake unakwenda wenyewe kusukuma.

Nyeusi anajibu kwa kumtoa askofu f5, na hapo ndipo ulipo uzuri wa ufunguzi huu. Kwenye ulinzi wa Kifaransa nyeusi anaanza na e6, na askofu wake wa miraba myeupe anabaki amefungiwa nyuma ya ukuta wa vitunda vyake mwenyewe, wakati mwingine mchezo mzima. Caro-Kann inamtoa nje kwanza, kisha e6 inafunga mlango nyuma yake. Bei yake ni muda. Kitunda cha c kimeshasimama c6, kwa hiyo siku nyeusi akitaka kukipeleka c5 atakuwa ametumia hatua mbili kwa safari ambayo Mfaransa anaifanya kwa hatua moja.

Haya yote sikuyajua wakati ule. Nilichokuwa nacho ni orodha: c6, d5, askofu f5, e6, farasi d7, farasi e7, c5. Hatua saba, nikazikariri kama namba ya simu. Nikalipa kozi kwa kadi ya mtandaoni, karibu laki moja, hela niliyokuwa nimeitenga kwa ajili ya mashine mpya ya kutenganisha vioo. Nilitazama sura mbili za mwanzo, nikaruka zilizobaki, nikaanza kucheza. Wiki mbili za kwanza nilishinda vizuri tu. Nadhani nilishinda kwa sababu wapinzani nao hawakujua wanachofanya, lakini mimi niliona dawa imefanya kazi.

Nikajiandikisha mashindano ya wikiendi. Kiingilio elfu thelathini, dakika 25 kila mchezaji, raundi tano. Jumamosi nilifunga kibanda, na kwa fundi Kariakoo Jumamosi ni siku ya hela. Raundi ya kwanza nilipata sare. Raundi ya pili nikakaa mbele ya binti wa miaka kama 13, amevaa sare ya shule na hijabu nyeupe, kalamu imepangwa sambamba na karatasi ya kuandikia hatua. "Shikamoo." "Marahaba." Tukapeana mikono, akabonyeza saa.

E4, c6. D4, d5. E5, askofu f5. Akasukuma kitunda cha pembeni, h4.

Nilikitazama labda sekunde kumi. Hakikula kitu, hakikutishia kitu, kilionekana kama kuchezea muda. Nikacheza e6 kama orodha yangu ilivyosema. Akasukuma g4, kikamgusa askofu. Nikamsogeza e4, ambako alikuwa anaiona ngome yake ya h1, na nikajisikia mjanja. Akasukuma f3. Nikarudi g6. Akasukuma h5.

Kaka zangu, dada zangu, wekeni ubao muuone mraba huo. Askofu yuko g6. Nyuma yake f7 na h7 zina vitunda vyangu mwenyewe. Mbele yake f5 inalindwa na g4, e4 inalindwa na f3, d3 inalindwa na askofu na malkia wake. Njia zilizobaki ni kwenda kufia h5 au c2, kwa kula kitunda kimoja. Nikala c2, malkia wake akanila. Hatua nane zimechezwa, nimepoteza askofu kwa kitunda, na kwenye saa yangu zimebaki dakika 22. Binti hakutabasamu, wala hakuniangalia. Aliandika hatua yake kwa mwandiko mzuri, akakunja mikono, akasubiri.

Masikio yalikuwa yanawaka moto. Niliendelea hadi hatua ya 31 kwa sababu nilishindwa kunyanyuka.

Baada ya kusaini karatasi akaniuliza kwa heshima, "Anko, tuangalie?" Tukakaa kwenye benchi la nje. Akarudisha kete hadi pale aliposukuma h4, akaniuliza swali ambalo nimelibeba tangu siku ile: "Hapa e6 ilikuwa ya nini?" Sikuwa na jibu zaidi ya kwamba video ilisema. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mdogo wake. Kama angesukuma g4 bila h4, ningekimbilia e4, angesukuma f3, ningerudi g6 na kupumua. Lakini h4 ikishasimama pale, g6 si kwangu tena, kwa sababu h5 inanisubiri. Kwa hiyo kabla ya kufunga mlango kwa e6, lazima niijibu h4 yenyewe. "Mimi ningecheza h5," akasema. "Hapo g4 haina meno, unaila. Au h6, askofu apate h7." Kisha mama yake akamwita, akaniaga na kuondoka.

Nilimaliza na alama moja na nusu kati ya tano. Kwenye daladala ya kurudi nilikaa dirishani nikiichezesha h5 ile kichwani hadi nikapitiliza kituo.

Kosa langu kubwa lilikuja baada ya hapo, na ndilo ninaloliona kwa wengi. Badala ya kujifunza jibu la h4, nilihitimisha kwamba askofu f5 ni hatua mbovu. Nikaingia mtandaoni kutafuta ushahidi, na anayetafuta ushahidi wa namna hiyo haukosi. Nilisoma kwamba Mikhail Tal, aliyemvua Botvinnik ubingwa wa dunia mwaka 1960 akiwa na miaka 23, alimrushia h4 hiyohiyo kwenye mechi ya marudiano mjini Moscow mwaka 1961. Nikasoma pia kwamba Botvinnik kwenye mechi hiyo alijaribu njia nyingine, ya kujibu e5 kwa c5 papo hapo, na mwisho aliurudisha ubingwa kwa alama 13 kwa 8. Nikaunganisha nitakavyo: c5 ndiyo dawa. Sikujiuliza kama Botvinnik alishinda mechi kwa sababu ya c5, au kwa sababu alikuwa Botvinnik na alijiandaa mwaka mzima.

C5 ni njia halali kabisa, nisieleweke vibaya. Nyeupe akiilinda d4 kwa c3 badala ya kula, nyeusi anakaa raha: ni kama ule ulinzi wa Kifaransa, ila askofu wake bado hajafungiwa. Lakini nyeupe anayejua atakula c5. Sasa ana kitunda cha ziada kwa muda, na nyeusi lazima akirudishe kwa kazi: e6 imfungulie askofu wa f8 njia ya kwenda c5, farasi c6 aikabe e5. Nyeupe naye anakishikilia kwa askofu e3, au anajiandaa kuweka b4. Hapo kila hatua ina maana, ukichelewa moja kitunda kimekwenda moja kwa moja. Mimi niliyeshindwa kuona h5 hatua mbili mbele nilikuwa nimejihamishia mahali panapodai umakini zaidi. Kwa mwezi mmoja na nusu nilicheza karibu kila mchezo nikiwa nimepungukiwa kitunda. Baada ya hapo nikajaribu Kifaransa chenyewe wiki mbili, nikamfungia askofu wangu ndani, nikakasirika, nikarudi e5, nikakutana tena na farasi g5. Miezi mitano ikaisha hivyo.

Mashindano ya pili ndiyo yaliyonizindua. Nilikuwa nimerudi Caro-Kann kwa kukosa pengine pa kwenda, na raundi ya tatu nilimpata mtu mzima aliyecheza tawi la kusonga mbele kwa utulivu: askofu d3, akanipa tubadilishane maaskofu. Tulibadilishana, nikatoa e6, nikapeleka malkia b6 kisha a6, tukabadilishana na malkia. Hatua ya 22 nilikuwa mbele kwa kitunda kimoja, mfalme wangu salama, hakuna kinachonitisha. Nikaupoteza. Niliupoteza kwenye mwisho wa mchezo wa ngome kwa ngome, dakika moja na sekunde chache kwenye saa, nikiiweka ngome yangu mbele ya kitunda changu badala ya nyuma yake. Nikiwa nakusanya kete nilijisikia naanza kusema moyoni, "Hii Caro-Kann..." na nikakwama hapo. Caro-Kann ilinipa kila nilichoiomba. Aliyeshindwa kuumaliza mchezo ni mimi.

Usiku ule nikachukua daftari la mauzo lililobaki nusu, nikapakua michezo yangu yote ya dakika 15 ambayo nilicheza Caro-Kann na mpinzani akasukuma e5 hatua ya tatu. Ilikuwa 48. Nilishinda 19, sare 4, nilifungwa 25. Kwa wiki tatu, jioni baada ya kufunga kibanda, nilipitia ile 25 mmoja mmoja. Injini, ile programu ya kuchambua hatua, niliizima kwanza. Kwa kila mchezo niliandika mambo matatu: hatua gani ilinitoa kwenye ninachokijua, nilikuwa nawaza nini kufikia hatua ya 12, na mchezo uligeukia wapi. Ndipo nikaiwasha injini ihakiki la tatu tu.

Michezo 6 nilipotea kabla ya hatua ya 12, na minne kati ya hiyo ilikuwa h4 au g4 ikimwinda askofu. Michezo 8 sikukosea hatua moja kubwa, nilibanwa tu hadi nikakosa hewa. Michezo 11 nilikuwa sawa au mbele kufikia hatua ya 20, nikaharibu kwa saa, kwa uchovu, au kwa mwisho wa mchezo nisioujua. Niliyasoma mafungu hayo matatu mara nyingi. Laki moja yangu ilikuwa imekwenda kununua suluhisho la fungu dogo kuliko yote, tena nusu yake binti wa miaka 13 alishanipa bure kwenye benchi.

Fungu la kwanza lilinichukua siku mbili. Nyeupe akisukuma h4, mimi nasukuma h5. Naijua sababu na naijua gharama: g5 inakuwa mraba wa kudumu kwa askofu wake, na kitunda changu cha h5 kinaweza kuwa mzigo baadaye. Akija askofu g5 sikimbilii kumfukuza, napeleka malkia b6 aangalie b2 na d4. (Kuangalia si kula. B2 imenila malkia zaidi ya mara moja.) H6 nayo ni sawa, ila akisukuma g4 mtu anajisikia kurudi h7 bila kufikiri, na hapo kuna dhabihu ya kitunda e6 inayochafua boma la mfalme wako. Kurudi d7 kuna utulivu zaidi. Mimi nilichagua h5 kwa sababu moja niliyoielewa baadaye sana, nitaifikia.

Fungu la pili, lile la kubanwa, ndilo lililonifundisha ufunguzi wenyewe. Kitunda cha e5 kinamnyang'anya farasi wa g8 mraba wake wa kawaida, f6. Anabaki na e7, na akikaa e7 anamziba askofu wa f8. Kwa hiyo upande wangu wa mfalme mzima unapumulia tundu moja, na tundu hilo linafunguliwa kwa c5. Michezo yote 8 niliyobanwa nilikuwa nimechelewesha c5, au sikuicheza kabisa, kwa kuogopa kufungua. Niliona niko salama nyuma ya ukuta, kumbe nyeupe alikuwa anapanga kete zake kwa starehe. Siku hizi nikicheza e6 swali langu la kwanza ni c5 inaingia lini. Nyeupe akicheza taratibu, farasi f3 na askofu e2, mfumo alioupa umaarufu Mwingereza Nigel Short, c5 naiingiza mara moja au baada ya farasi d7, na mara nyingi napata mchezo mzuri.

Jambo la pili ni f5. Askofu akishabadilishwa au kuhama, mraba ule unakuwa kiti cha farasi: e7 kisha f5. Anaikaba d4, askofu wa f8 anapata njia, kila kete inafunguka. Nyeupe atataka kumfukuza kwa g4. Sasa ikumbuke ile h5 ya hatua ya nne: ndiyo inayoizuia g4. Kitunda nilichokisukuma kumwokoa askofu kinakuja kumlinda farasi hatua kumi baadaye. Siku nilipoliona hili nilikuwa nimeshika simu ya mteja imefunguliwa, nikaiweka chini nikatabasamu peke yangu. Kwa mara ya kwanza hatua mbili za mbalimbali ziliongea kichwani mwangu.

Na lile tawi la askofu d3, linalochezwa sana na wasiopenda vurugu, ni zawadi. Ukibadilishana, nyeupe anabaki na askofu wa miraba myeusi, na vitunda vyake vya d4 na e5 vimekaa juu ya miraba myeusi hiyohiyo. Anajiziba mwenyewe. Wewe askofu wako aliyekuwa na shida ya kutoka ameshaondoka kwa heshima. Usiwe na haraka, badilisha kete, cheza c5, nenda kwenye mwisho wa mchezo. Ila ujue mwisho wa mchezo. Fungu langu la tatu ndilo hilo, na hakuna video ya ufunguzi inayoligusa.

Kuhusu takwimu, kwa sababu hapo nilijidanganya sana. Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji, inakuonyesha bure, kwa kila hatua, nyeupe ameshinda mara ngapi, sare ngapi, nyeusi ngapi. Mimi nilikuwa naangalia michezo ya mabingwa, naona sare nyingi, nasema ufunguzi ni salama. Lakini bingwa hapotezi askofu hatua ya nane, na anayecheza naye hapotezi ngome hatua ya 40. Ndani ya zana hiyohiyo kuna sehemu ya wachezaji wa kawaida, unachuja kwa reitingi (alama za kiwango cha mchezaji) na kwa muda wa mchezo. Chuja kwa watu wako. Utaona hatua ambazo vitabu vinazipa mstari mmoja ndizo unazokutana nazo kila siku, na zile wanazoziandikia sura nzima huzioni mwezi mzima. Nilipofanya hivyo niliacha kusoma matawi mawili marefu, nikaupa muda huo h4 na askofu d3.

Kuna pia sehemu ya kuweka jina lako mwenyewe, uone wapi unafungwa. Hiyo ni ya thamani, ila kuwa mwangalifu na idadi. Ukiwa na michezo 20, mchezo mmoja ukigeuka ni asilimia 5 nzima. Mimi niliacha c5 na kuirudia mara mbili kwa tofauti ya michezo mitatu, kelele tupu. Na injini ikikuambia nyeupe ana nafuu ya theluthi ya kitunda, usiitupe hatua yako kwa hilo. Nafuu hiyo anaijua kuitumia mtu mwingine, si yule utakayekutana naye Jumamosi.

Kama ningeanza upya leo ningecheza michezo 30 kwanza kwa hatua tano tu ninazoweza kuzieleza kwa mdomo, kila moja ni ya nini, na baada ya kila kipigo ningeandika sentensi moja. Kozi ningeinunua baadaye, pengine, nikiwa na maswali yangu mkononi. Ile niliyonunua ni nzuri kweli. Nimeirudia mwaka huu na sura niliyoiruka, ya tatu, inaeleza h4 kwa dakika kumi na mbili.

Tangu nilipofunga ile hesabu nimecheza tawi hili michezo 37 mingine. Nimeshinda 18, sare 6, nimefungwa 13. Sisemi ni mengi. Ila katika ile 13 hakuna hata mmoja nilioupoteza kabla ya hatua ya 12. Kinachonisumbua sasa ni farasi c3 hatua ya nne, kisha g4, kisha yule farasi mwingine e2 akielekea f4. Vurugu tupu, bado nikiona g4 mikono inaloa, na ukurasa wake kwenye daftari una alama za kuuliza zaidi ya majibu.

Mwezi wa tatu, kwenye mashindano mengine, mtu alinisukumia h4 tena. Nilikaa dakika nne nzima, ingawa jibu nilikuwa nalo, kwa sababu nilitaka kuliona ubaoni kwanza: f3, g4, h5, mraba mmoja mmoja. Kisha nikasukuma h5. Akaja askofu g5, nikapeleka malkia b6. Tulitoka sare hatua ya 54, farasi wangu akiwa amekaa f5 tangu hatua ya 17 bila mtu wa kumng'oa.

Kijana wa kibanda cha tatu kozi hajainunua bado. Nimemwambia akitaka anunue, hela ni yake, lakini kwanza Jumapili aje kwangu na simu yake na daftari tupu. Tutaanza na michezo yake 20 ya mwisho, ile aliyofungwa, injini imezimwa.